Kaskazini Haina Nyota Moja

Katikati ya karne ya pili BK, mjini Alexandria, Ptolemy aliandika kitabu cha jiografia kilichokusudia kuuweka kila mji uliojulikana mahali pake kwa vipimo. Pwani yetu imo. Anaitaja Rhapta, bandari ya Azania, kama pwani hii ilivyoitwa zamani, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pwani ya Tanzania ya leo, na anasimulia habari za manahodha waliofika huko. Mmoja wao, Theophilos, aling'oa nanga Rhapta kwa upepo wa kusi na siku ya 20 akafika Aromata, kwenye pembe ya Somalia. Kurasa chache kabla ya habari hizo Ptolemy anahojiana na mtangulizi wake, Marinus wa Tiro, kuhusu umbali wa nchi za kusini, na ushahidi anaoutumia ni wa nyota. Hapo anachukua namba kutoka kwa Hipparchus, mwanafalaki aliyemtangulia kwa karibu miaka 300: nyota ya mwisho katika mkia wa Dubu Mdogo iko digrii 12 na dakika 24 kutoka ncha ya kaskazini ya anga.

Nyota hiyo ya mkiani ndiyo Polaris, hii tunayoiita leo Nyota ya Kaskazini. Kati ya nyota saba za Dubu Mdogo, wakati ule ndiyo iliyokuwa mbali na ncha kuliko zote. Nahodha wa Rhapta aliyeifuata kama alama ya kaskazini angepotea. Leo iko chini ya digrii moja kutoka ncha ya anga, na vitabu vya shule vinaieleza kana kwamba imekaa pale tangu kuumbwa kwa mbingu.

Polaris yenyewe haikusogea kiasi cha kutajika. Iliyogeuka ni dunia. Mhimili ambao dunia huuzunguka kila siku umeinama digrii 23 na nusu hivi, na upande unaoelekea mwinamo huo hubadilika polepole mno. Ukiuendeleza mhimili hadi angani, ncha yake huchora duara kubwa katikati ya nyota, na hulikamilisha kwa miaka ipatayo 25,800. Ni mwendo wa pia inayoanza kulegea: bado inazunguka kwa kasi, lakini kichwa chake nacho kinachora duara lake la taratibu. Nyota inayokutwa karibu na njia ya ncha hupata zamu ya kuongoza, na zamu ikiisha hubaki nyota kama nyingine. Kuna vipindi virefu ambapo ncha haina nyota yoyote ya maana karibu nayo. Wengi hudhani Polaris ilipewa cheo kwa sababu ya mwanga wake, lakini ziko nyota zaidi ya 40 zinazoipita kwa kung'aa. Kilichoipa heshima ni mahali ilipo, na mahali penyewe ni pa muda.

Zamu ya kwanza tunayoweza kuihusisha na maandishi na majengo ya watu ni ya Thuban, nyota hafifu katika kundi la Joka. Yapata mwaka 2800 KK ncha ya anga ilipita chini ya robo ya digrii kutoka kwayo, karibu kuliko Polaris itakavyowahi kufika. Hiyo ni Misri ya nasaba za mwanzo. Wamisri walizitukuza nyota za kaskazini zisizozama na kuziita zisizoangamia, na mfalme aliyefariki alitarajiwa kwenda kuungana nazo. Lakini piramidi kuu la Giza, la Khufu, lilipojengwa karne chache baadaye, Thuban ilikuwa imeshaanza kuachwa nyuma. Hata hivyo pande za jengo lile zimeelekezwa kaskazini kwa usahihi wa ajabu. Kosa lake halifiki sehemu moja ya kumi ya digrii. Walifanyaje bila nyota iliyokaa kwenye ncha yenyewe?

Mwaka 2000, mtafiti wa mambo ya Misri, Kate Spence wa Cambridge, alitoa jibu lililozua mjadala. Alipendekeza kwamba wajenzi walitumia nyota mbili zilizokabiliana pande mbili za ncha, Kochab na Mizar, wakangoja wakati moja ilipokuwa juu ya nyingine wima kabisa, kisha wakateremsha timazi na kuchora mstari wa kaskazini. Njia hiyo ni sahihi kwa miaka michache tu, kwa sababu ncha inaendelea kuhama. Spence aligundua kwamba kosa dogo la mwelekeo hubadilika kutoka piramidi moja hadi jingine kwa mfuatano unaolingana na mwendo wa ncha, akatumia tofauti hiyo kukadiria Khufu alianza kutawala lini. Wako waliompinga kuhusu nyota alizozichagua, na hoja zao zina uzito. Wazo lenyewe ndilo linalonivutia: kosa la fundi wa mawe, likiwa limekaa jangwani miaka 4,500, linaweza kusomwa kama saa.

Ukipima kwenye njia ambayo jua huonekana kupita kati ya nyota, mwendo huu ni digrii moja kwa miaka 72 hivi, yaani umri mzima wa mtu aliyejaliwa miaka mingi. Hakuna jicho linaloweza kuliona jambo hilo likitokea, hata likikesha kila usiku tangu ujana hadi uzee. Lilihitaji mtu apime, aandike, afe, kisha mwingine ayatunze maandishi yake na kuyaamini kiasi cha kushangaa yasipolingana na anga lililo mbele yake.

Mtu huyo wa pili alikuwa Hipparchus, aliyefanya kazi kisiwani Rhodes katika karne ya pili KK. Alitaka kujua nyota ing'aayo ya Spica iko umbali gani kutoka mahali jua linapokuwa siku ya mwezi wa Septemba ambayo usiku na mchana hulingana. Huwezi kupima nyota kwa kulinganisha na jua moja kwa moja, maana jua likiwapo nyota hazionekani. Akatumia kupatwa kwa mwezi. Mwezi unapopatwa huwa umekabiliana na jua barabara, kwa hiyo ukipima umbali wa nyota kutoka kwenye mwezi uliopatwa, unajua umbali wake kutoka mahali jua lilipo upande wa pili. Alipata digrii 6. Kisha akafungua kumbukumbu za Timocharis, aliyepima nyota hiyo hiyo Alexandria zaidi ya miaka 150 kabla yake. Timocharis alipata digrii 8.

Tofauti ya digrii mbili ilikuwa rahisi kuidharau. Vyombo vilikuwa vya mbao na shaba, na mtu angeweza kusema mzee Timocharis alikosea, yakaisha. Hipparchus hakusema hivyo. Alihitimisha kwamba nyota zote kwa pamoja zinasogea polepole kuhusiana na majira ya mwaka, si chini ya digrii moja kwa miaka 100. Kwake dunia ilikuwa imetulia katikati, hivyo iliyosogea lazima iwe mbingu. Maelezo yake hayakuwa sahihi. Ugunduzi wake ulikuwa sahihi, na kwa maoni yangu ni mmoja wa ugunduzi mkubwa kuliko wote uliofanywa bila darubini. China ilifika hapo kwa njia yake: katika karne ya nne BK Yu Xi alilinganisha vipimo vyake na vya kale akakadiria digrii moja kwa miaka 50, na mwaka 462 Zu Chongzhi akalitia jambo hilo katika hesabu za kalenda.

Ptolemy alipouchukua ugunduzi huu aliugandisha kwenye digrii moja kwa miaka 100 kamili. Ilikuwa pole mno, na heshima ya kitabu chake ikaifanya idumu. Vitabu vya Wayunani vilipofasiriwa kwa Kiarabu, wanafalaki wa Kiislamu walipima upya. Al-Battani, aliyekuwa akitazama anga Raqqa kando ya mto Furati, alipata digrii moja kwa miaka 66. Mwaka 964 al-Sufi alitoa kitabu chake cha nyota zisizotangatanga, na ili kuzihamisha nyota za Ptolemy hadi zama zake aliongeza digrii 12 na dakika 42 kwenye nafasi ya kila nyota. Katika karne ya 13 Nasir al-Din al-Tusi, kwenye kituo cha Maragha, aliweka digrii moja kwa miaka 70, na Ulugh Beg wa Samarkand akalifuata kadirio hilo katika orodha yake ya nyota ya mwaka 1437. Tayari walikuwa wameukaribia ukweli sana.

Lakini namba mbovu ya Ptolemy haikufa kimyakimya. Kwa kuwa yeye alisema 100 na al-Battani akasema 66, wapo waliodhani wote wawili walikuwa sahihi kwa zama zao, na kwamba mbingu hubadilisha mwendo, huenda mbele na kurudi. Nadharia nzima ya kuyumbayumba ikajengwa juu ya kosa hilo na kuishi karne kadhaa. Hata Copernicus, aliyesema mwaka 1543 kwamba unaogeuka ni mhimili wa dunia wala si mbingu, aliibakiza ndani ya hesabu zake. Tycho Brahe ndiye aliyeing'oa mwishoni mwa karne ya 16, kwa kupima vizuri kuliko wote waliomtangulia.

Watu wa vitabu wakibishana, watu wa bahari walikuwa na shida ya kila usiku. Katika Bahari ya Hindi, nahodha aliipata latitudo yake kwa kamal: kibao kidogo cha mstatili chenye kamba iliyopigwa mafundo, imepitishwa katikati. Fundo moja hushikwa kwa meno, mkono ukakinyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uiguse nyota. Kila fundo lilikuwa na bandari yake. Vipimo vilihesabiwa kwa isba, yaani kidole, na duara zima lilikuwa na isba 224, kila kimoja digrii moja na dakika 36 hivi. Nyota iliyopimwa kuliko zote ilikuwa Polaris, ambayo Waarabu wa bahari waliiita Jah.

Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo, baba yake na babu yake wakiwa marubani wa bahari kama yeye, alikamilisha kitabu chake kikubwa cha uongozaji vyombo yapata mwaka 1490. Wakati huo Jah ilikuwa digrii tatu na nusu kutoka ncha, kama isba mbili. Kosa la isba mbili, ukielekea kisiwa kwa chombo cha matanga, hukupitisha usiku kilomita mamia kadhaa kaskazini au kusini ya unakokwenda. Marubani wale hawakudanganyika kwamba nyota yao imetulia. Walijua inazunguka, wakaipima ikiwa chini kabisa ya mzunguko wake, au waliipima wakati mwingine na kuongeza au kupunguza kwa kanuni walizozihifadhi moyoni. Walitambua ilipo kwa kutazama Farqadani, zile nyota mbili za Dubu Mdogo, Kochab na mwenzake, zinazolizunguka eneo la ncha upande wa pili. Wareno nao, katika karne hiyo hiyo, walikuwa na kanuni yao ya kaskazini iliyotumia nyota mbili hizo hizo kwa marekebisho ya kiasi hicho hicho. Walipokutana Malindi mwaka 1498, Vasco da Gama akapata rubani wa kumvusha hadi Calicut. Hadithi inayosema rubani huyo alikuwa Ibn Majid imesimuliwa sana, na wanahistoria wengi leo hawaikubali. Lililo hakika ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zikisahihisha anga lile lile.

Kwa mtu wa pwani yetu jambo lilikuwa gumu zaidi, maana hapa kaskazini huishia kwenye maji. Mogadishu iko digrii mbili kaskazini ya Ikweta. Mwaka 1490 Jah ilipanda hapo hadi digrii tano na nusu juu ya upeo, kisha saa 12 baadaye ikazama. Lamu iko digrii mbili na ushei kusini. Kwa hesabu, usiku wa wakati ule, Jah ilipokuwa juu kabisa ya duara lake ilisimama zaidi kidogo ya digrii moja juu ya bahari ya Lamu, haikutimia hata isba moja. Mombasa haikuiona kabisa. Kwa hiyo rubani aliyeelekea Kilwa na Sofala aliiacha Jah na kushika Farqadani, na alipozidi kwenda kusini akashika Na'sh, nyota za Dubu Mkubwa. Leo, kwa kuwa Polaris imesogea karibu na ncha, Lamu nayo haiioni tena. Na tukirudi nyuma hadi zama za Rhapta, nyota hiyo ikiwa digrii 11 au 12 kutoka ncha, hata Kilwa iliweza kuiona ikipanda digrii mbili tatu juu ya upeo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuijali.

Sababu ya mwendo wote huu ilijulikana mwaka 1687, Isaac Newton alipotoa kitabu chake cha Principia. Kwa kuwa dunia inazunguka, alisema, haiwezi kuwa mviringo kamili; lazima imevimba Ikweta na kubonyea kwenye ncha. Dalili ilikuwapo tayari: mwaka 1672 Jean Richer aliona saa yake ya timazi, iliyokwenda sawasawa Paris, ikichelewa dakika mbili na nusu kwa siku alipofika Cayenne, karibu na Ikweta. Leo tunajua kipenyo cha dunia kwenye Ikweta kinazidi kile cha kutoka ncha hadi ncha kwa kilomita 43. Mwezi na jua huvuta uvimbe huo vikitaka kuusimamisha mhimili wima. Kama dunia ingekuwa imetulia, mhimili ungesimama wima. Kwa kuwa inazunguka, mvuto huo haunyooshi mhimili bali huusukuma kando, na mhimili ukaanza safari yake ya duara. Theluthi mbili hivi za kazi hufanywa na mwezi, ulio mdogo lakini uko karibu. Theluthi moja ni ya jua. Wataalamu wa Paris walipobisha kwamba dunia imerefuka kuelekea ncha, Ufaransa ilituma misafara miwili, mmoja kwenda Peru mwaka 1735 na mwingine Lapland mwaka 1736, kupima ardhi yenyewe, na Newton akashinda. Baadaye James Bradley, aliyefuatilia nyota ya Joka ipitayo utosini London kwa takriban miaka 20, alionyesha mwaka 1748 kwamba duara lenyewe lina mawimbi madogo ya miaka 18.6, kwa sababu njia ya mwezi nayo hubadilisha mwinamo wake.

Hapo somo lingeweza kubaki la wapima nyota. Ila mhimili unapogeuka, majira ya mwaka nayo hubadili mahali pake kwenye njia ya dunia kulizunguka jua. Sasa hivi dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari. Miaka kama 10,500 iliyopita ililikaribia mwezi Julai, katikati ya kiangazi cha kaskazini. Milutin Milanković, mwanahesabu wa Serbia, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukokotoa mabadiliko ya namna hii yanavyoongoza tabianchi, na mabaki ya Afrika yamempa ushahidi mwingi. Jua kali la kiangazi cha wakati ule lilivuta pepo za mvua ndani kabisa ya bara. Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa. Michoro ya miambani ya Tassili n'Ajjer, Algeria, ina viboko. Ziwa Turkana lilijaa makumi ya mita juu ya usawa wa leo hata likafurika kuelekea Nile, na huko Lothagam, kwenye fuo zake za zamani, wavuvi waliacha vichomeo vya mfupa vyenye meno, mahali ambapo leo ni ukame na upepo wa vumbi. Yapata miaka 5,000 iliyopita mvua zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Kuna sababu nyingine zilizochangia, lakini msukumo wa kwanza ulikuwa mhimili.

Wakulima wetu nao wamo, ingawa hawakuambiwa. Kilimia, kishada cha nyota kilichotumiwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki kujua msimu wa kulima, kilichomoza alfajiri karibu wiki nne mapema zaidi miaka 2,000 iliyopita, ukilinganisha na majira. Desturi ya kukitazama iliendelea. Tarehe ndiyo iliyoteleza, siku moja kwa kila miaka 71 hivi, pole kiasi kwamba kila kizazi kilirekebisha bila kujua kimerekebisha. India, ambako sikukuu ya Makar Sankranti hufuata nyota badala ya majira, pengo limeonekana wazi: ilikusudiwa kuwa jirani na siku ambayo jua huanza kurudi kaskazini, mwishoni mwa Desemba, na sasa huangukia katikati ya Januari.

Polaris bado inaisogelea ncha. Itaikaribia zaidi yapata mwaka 2100, kwa umbali wa chini kidogo ya nusu digrii, kisha itaanza kuachwa kama Thuban ilivyoachwa. Yapata mwaka 4000 zamu itakuwa ya Errai, katika kundi la Cepheus. Vega, mojawapo ya nyota ang'avu kabisa za kaskazini, itafikiwa yapata mwaka 14,000, na hata hapo ncha itapita digrii nne au tano kando yake.

Kusini, ambako sisi tunaangalia zaidi, hali ni tofauti. Ncha ya kusini leo haina nyota ya kushika. Iliyo karibu, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba taa chache za mji huizima. Ndiyo maana watu hutumia Msalaba wa Kusini kukadiria. Nyota za Msalaba huo zilionekana Alexandria siku za Ptolemy, aliyeziandika kama sehemu ya kundi la Centaurus, na leo Msalaba haupandi tena huko ukiwa mzima. Kati ya mwaka 8000 na 9200 ncha ya kusini itapita jirani na Iota Carinae, kisha Delta Velorum, na kusini itapata kwa mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa nyota ya kuongozea yenye mwanga kama wa Polaris. Na yapata mwaka 14,000, Vega ikishika zamu kaskazini, Suheli, ambayo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitumia kutaja kusini, itakuwa ndani ya digrii 10 kutoka ncha ya kusini, na kwa mtu wa Mtwara itakuwa karibu haizami kabisa.